Mtungi wa Ulezi na Kitovu cha Mtoto

Saa tatu na nusu asubuhi, mwanangu, ndipo lilipoanza jambo ninalotaka kukusimulia. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu kengele ya shule ya Iyula ilikuwa imetoka kulia kwa mapumziko, na mimi, msichana wa zahanati mwenye aproni iliyopigwa pasi, nilikuwa nimesimama mbele ya wakunga wa vijijini nikijiona mwalimu. Ilikuwa enzi za Mwingereza. Wakunga wale walikuwa bibi zetu. Karibu kila mtoto wa Iyula alipokelewa na mikono yao.

Niliwaeleza habari za vijidudu visivyoonekana, vinavyoingia kwenye kitovu cha mtoto mchanga na kuleta pepopunda. Nilitumia maneno yale yale niliyofundishwa, sikuruka hata moja. Nikamaliza kwa kuuliza, "Mmeelewa?"

"Tumeelewa, mama!" wakaitikia pamoja, kama wako kanisani.

Niliridhika sana. Nilikuwa na sababu yangu ya kutaka waelewe. Wifi yangu Rebeka, mke wa kaka yangu, alikuwa na mimba ya mwezi wa mwisho. Watoto wake wawili wa kwanza walizaliwa wazima, wakanyonya vizuri, kisha kabla ya wiki kwisha wakakataa titi, taya zikafunga, miili ikakakamaa. Tuliwazika wote wawili. Huyu wa tatu angepokelewa na Bibi Namwinga, mkunga aliyeheshimiwa kuliko wote upande wetu, na asubuhi ile alikuwa amekaa mbele kabisa, akiitikia kila neno langu kwa kichwa.

Jioni nikapita kwake kumsalimu. Nikamkuta anachonga ubanzi wa tete, ule wa kukatia kitovu, ili auchomeke kwenye nyasi za paa kumngojea Rebeka.

"Bibi! Si asubuhi tumesema wembe uliochemshwa?"

"Ulisema vizuri sana, mjukuu wangu. Hata sauti unayo." Akaujaribu ubanzi kwa kidole gumba. "Lakini yale ni maneno ya zahanati. Hapa ni nyumbani. Na wewe umezaa wangapi?"

"Sijaolewa, Bibi."

"Haya. Ukishazaa uje tuongee."

Wajukuu zake wakacheka, nami nikaondoka uso ukiniwaka. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Eliza, mkunga wa zahanati aliyenifundisha kazi, nikamlalamikia kwamba bibi yule ni mkaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja bendeji.

"Ulipokuwa unafundisha, Bibi alifanya nini?"

"Alisikiliza."

"Mikono yake, binti. Ilifanya nini?"

"Ilikuwa mapajani."

"Basi hujafundisha bado, umesema tu. Nenda ukakae jikoni kwake. Usimfundishe kitu mpaka ujue yeye anajua nini."

Waliosema ukitaka cha mvunguni sharti uiname hawakukosea. Kesho yake nikaenda kuinama. Bibi Namwinga alikuwa anatengeneza pombe ya ulezi. (Alikuwa Mkristo wa kubatizwa, na alinionya mapema: "Mchungaji akikuuliza, mwambie ni uji uliochelewa kunywewa.") Nilimchotea maji, nikachochea kuni, nikatazama. Aliusuuza mtungi kwa maji yanayotokota, akaufukiza moshi, akaufunika. Baada ya kumimina pombe humo, mjukuu wake mmoja akachovya upawa aliouokota sakafuni.

"Toa huo! Unataka kuniharibia mtungi mzima?"

Nikauliza taratibu, "Bibi, kwani upawa una nini? Mbona unaonekana safi?"

"Unaonekana. Lakini kuna kitu kimo, macho hayakioni. Kikishaingia, unamwaga yote."

"Na maji ya moto?"

"Yanakiua."

Mwanangu, nilitamani kuruka! Somo langu zima lilikuwa limekaa jikoni kwake miaka yote hiyo, kabla sijazaliwa. Nikauma ulimi, nikauliza swali moja tu: "Na ule ubanzi ulio kwenye nyasi, Bibi?"

Alilitazama paa, kisha akakaa chini polepole.

"Watoto wa Rebeka," akasema, "mimi ndiye niliyewakata."

"Ulikuwa hujui, Bibi. Mimi nilijua, nikashindwa kukueleza."

Akajifuta macho kwa upindo wa nguo. "Lete huo wembe wenu."

Siku zilizofuata sikuhubiri tena. Alichemsha wembe na uzi mwenyewe, akafunga na kukata kamba ya kitambaa niliyoijaza pamba iwe mfano wa kitovu. Mara ya kwanza aliutoa wembe kwenye maji ya moto akaulaza juu ya mkeka. Mdomo wangu ulifunguka ili nimkemee, nikaufunga. Mkono wake ukasita.

"Aa! Nimeurudisha upawa mtungini," akasema, akauchemsha upya. Kosa hilo aliliona kwa macho yake, hakulirudia. Tena ni yeye aliyewafundisha wakunga wenzake, kwa mzaha na kwa ukali, na hakuna aliyetoka bila kushika wembe.

Rebeka alijifungua mtoto wa kike. Nilipita kila asubuhi, na kila asubuhi nilimkuta mtoto yuko titini. Wiki ikaisha, ya pili ikaisha, ananyonya mpaka jasho linamtoka puani. Ndipo Rebeka akathubutu kumpa jina.

Miaka ya baadaye nilinunua vitabu vya ualimu, nikavisoma peke yangu, ukurasa kwa ukurasa. Nikakuta wataalamu wameziandikia nadharia zile habari za jikoni: kwamba mtu hujenga ujuzi mpya juu ya ule alio nao, kwamba mkono hujifunza kwa kutenda, na kwamba mtu mzima hashiki jambo mpaka aone linamhusu. Zisome, mwanangu, wewe unayevaa sare ya uuguzi. Usizidharau kwa kuwa zimetoka vitabuni. Mimi nilikuwa na Mama Eliza wa kunirudisha njiani, wengi hawana. Mama akija kwako na mtoto, muulize kwanza nyumbani hufanyaje. Usitosheke akikwambia ameelewa. Mpe kifaa, akuonyeshe. Akikosea, mpe nafasi ya kujiona. Kawia ufike.

Kaka yangu alikuja kuniambia kwamba, kabla mtoto yule hajazaliwa, alikuwa ameshaweka pembeni fedha ya sanda. Mungu aibariki mikono yako na ulimi wako, mwanangu, na kila baba aliyeweka akiba ya namna hiyo airudishe mfukoni kwa furaha. Ya kaka yangu ilikuwa shilingi tatu.