Sauti ya Mama Niliyoifuta Mwenyewe

Mama alikuwa ameshapita miaka themanini nilipoanza kumrekodi. Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika sekondari moja ya Tabora mjini, naishi Mtendeni, na kila Jumamosi asubuhi nilipanda baiskeli kwenda kwake Ntalikwa. Nilimkuta ameshakaa mkekani, karanga za kumenya mbele yake. Nikimwamkia ananiitikia, ananiuliza habari za wanafunzi, halafu anaendelea pale alipoishia juma lililopita bila kukumbushwa.

Aliyokuwa akisimulia aliyapata kwa babu yake, ambaye ujanani alikuwa mpagazi. Mzee huyo alibeba pembe za ndovu hadi pwani, akarudi na vitambaa, akaenda tena. Mama aliyajua majina ya kambi za njiani kwa mpangilio wa kutembea, na mahali ambapo maji yalikuwa ya chumvi. Alijua neno la Kinyamwezi la mzigo wa kichwani, la mzigo wa begani, la mzigo wa watu wawili kwenye mti mmoja, na neno jingine kabisa la kuuhamisha mzigo kutoka bega hadi bega bila kusimama. Siku ya neno hilo aliinuka, akachukua mpini wa jembe, akanionyesha kwa kutembea uani. Mimi sikuandika chochote. Simu ilikuwa inarekodi, nikaona inatosha.

Baada ya miaka mitatu faili zilipita mia moja, na zote nilikuwa nimezihamishia kwenye kompyuta yangu moja, kwa kuwa simu ilikuwa inajaa. Fundi wangu wa kompyuta, mtu wa mjini mwenye kibanda ambamo zamani baba yake alikuwa fundi saa, aliniambia kwamba mashine ile imechoka na kwamba nitafute huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni. Hakunichagulia. Alisema tu nisome masharti vizuri kabla ya kukubali.

Nilichagua kwa muda wa mwezi mzima, nikikaa stafurumu, chumba cha walimu, baada ya vipindi. Huduma ya kwanza ilinipendeza kwa sababu ilitunza kila faili hata ukiiharibu mwenyewe, lakini ilitaka kadi ya benki, na kadi yangu ikakataliwa kila nilipojaribu. Ya pili ilikuwa na masharti marefu ambayo sikuyaelewa, nikaiogopa. Ya tatu ilikuwa ya bure, ilikuwa na picha ya wingu la buluu, na iliniambia kwamba faili zangu zitakuwa sawasawa kila mahali. Maneno hayo niliyasoma mara mbili, yakanifurahisha. Nikakubali masharti bila kuyafungua.

Kuzipandisha kulichukua wiki nyingi. Mtandao ukikatika, faili inaanza upya. Siku faili ya mwisho ilipopanda nilimpigia dada yangu mkubwa, anayeishi na mama, nikamwambia kwamba sasa hata nyumba ikiungua, maneno ya mama hayapotei.

Kompyuta ilikuwa imejaa na nzito, na mitihani ya kusahihisha ilikuwa inakuja. Basi nikazifuta faili zote kwenye kompyuta, kwa kuwa nilijua ziko mtandaoni. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nakumbuka nilikuwa nakunywa chai.

Baada ya kama miezi miwili mama alipata kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali, upande wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalikuwa yameondoka. Alitutazama, akatoa sauti moja ileile kwa kila kitu. Dada akaniomba niwasikilizishe zile rekodi, labda mama akijisikia mwenyewe kitu kitaamka. Nikaifungua ile huduma kwenye simu pale kitandani. Folda ilikuwepo, na ndani hapakuwa na kitu.

Nilidhani ni mtandao. Nilitoka uani nikainua simu, nikarudi ndani, nikatoka tena. Kesho yake nilikwenda kwa fundi. Aliangalia kwa muda mrefu, halafu akanigeuzia kiti.

"Mwalimu, huduma hii haihifadhi, inalinganisha. Ulichofuta huku, na kule kikafutika."

Nikamuuliza kama hawana pipa la taka. Akasema wanalo, lakini hulimwaga baada ya mwezi. Niliwaandikia wenye huduma barua ndefu. Nilijibiwa papo hapo na mashine iliyonishukuru kwa kuwa mteja wao.

Fundi alikaa na kompyuta siku nne akijaribu kufukua. Alipata majina ya faili yasiyo na sauti, na kipande kimoja cha sekunde chache. Ndani yake kuku analia, halafu nasikika mimi: "Endelea, mama." Kinaishia hapo. Fundi hakutaka malipo, nami sikuwa na nguvu ya kubishana naye.

Dada nilimwambia ukweli jioni ileile. Akasema, "Bora angekuwa anakusimulia wewe, siyo simu."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Alikuwa amebaki mtu mmoja wa kumuuliza, mdogo wake mama, anayekaa Urambo. Likizo ilipofika nikamfuata. Nilimweleza ninachotafuta, majina ya kambi, hata lile neno moja tu la kuhamisha mzigo. Alifikiri sana, mpaka nikaanza kutumaini.

"Mwanangu, mimi sikusikiliza," akasema. "Babu alikuwa wa mama yako. Akianza tu hadithi zake, mimi nilitoka kucheza."

Akanifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nimpelekee dada yake. Mama hawezi kutafuna tena. Dada aliiloweka, akaiponda, akamlisha kwa kijiko, na nyingi ikamtoka upande wa mdomo uliolala. Nikachukua kitambaa nikampangusa.