Gunia la Unga wa Mbao

Kikohozi cha bibi wa jirani nilikuwa nakisikia hata msumeno ukinguruma, na sifichi, kilinitisha. Hapa Gendabi upepo hushuka kutoka mlimani, unapita kwenye karakana yangu nyuma ya nyumba, kisha unaingia moja kwa moja kwenye tembe yao ng'ambo ya shamba la mahindi. Mimi napasua mbao, yeye anameza vumbi. Zahanati walishamwambia mwanawe wazi: kifua kile kikiendelea kula vumbi, mama hamalizi msimu wa baridi.

Mwanawe ni mfugaji, rika langu, mtu wa maneno machache. Alikuja na fimbo yake, tukasalimiana vizuri, akaitazama meza ya msumeno, akasema, "Mama anakohoa unga wako." Basi. Hakugomba. Afadhali angegomba, maana mtu akikutukana unajua pa kumshika.

Nikaanza kazi. Msumeno wa meza hutupa vumbi jingi kwa chini, na meza yangu ilikuwa ya kuungaunga, wazi kila upande. Nikaiziba chini kwa plaiwudi, nyufa nikazizibia vipande vya tyubu ya gari, nikaacha tundu moja tu. Kutoka tundu lile nikapitisha bomba la plastiki hadi kwenye feni niliyoing'oa kwenye mashine mbovu ya kupepetea ngano, mali ya mashamba ya Basotu enzi zake. Feni inavuta vumbi na kulisukumia kwenye gunia nililoshona kwa turubai kuukuu. Mara ya kwanza bomba liliziba, kwa sababu nililipitisha kona nyingi, urembo wa bure. Mke wangu akaniuliza kama vumbi nalitoa au nalitembeza. Nikalifupisha, nikalinyoosha, likavuta sawasawa.

Kikohozi kikapungua. Jirani akaja tena, safari hii kuomba magunia yaliyojaa. Sakafu yao ni ya udongo, baridi inapanda mgongoni, na bibi alitaka kitu cha kuegemea. Nikamwambia sawa, ila yasifunguliwe kamwe, vumbi lisije likamrudia. Nikawa nayashona mdomo mwenyewe, mshono juu ya mshono. Nilijiona mwema kweli.

Asubuhi moja nikawa napasua nguzo za zamani za uzio. Diski ikagonga msumari uliokatikia ndani ya mti. Zamani cheche ilikuwa inaangukia sakafuni na kufa pale pale. Safari hii sikuiona ilikokwenda, wala sikujiuliza. Nililaani tu, nikabadilisha diski. Jirani akapita akielekea malishoni, nikalishona gunia lililojaa, akalipeleka kwa mama yake kwanza.

Mchana feni ikawa haivuti. Nikalifungua bomba. Kipande cha tyubu kwenye maungio kilikuwa kimeungua tundu, na mbele yake, ndani ya bomba, alama nyeusi zilielekea upande wa gunia. Unga wa mbao hauna papara. Ukishika moto unaliwa ndani kwa ndani, kimya, siku nzima ukipenda, na siku ukipata hewa ndipo unawaka. Vumbi la kumuua bibi polepole nilikuwa nimelikusanya, nikalitia moto, nikampelekea. Niliruka majivu nikakanyaga moto, tena moto wenyewe nilimkanyagisha mwingine.

Nikakimbia kukatisha mahindi. Bibi alikuwa ndani peke yake, karibu na mafiga yanayotoa moshi kutwa, kwa hiyo moshi mwingine nani angeunusa? Nikainama mlangoni, na mdomo wangu, kwa malezi yake, ukasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akaanza. Habari za nyumbani. Habari za mama watoto. Ng'ombe. Wakwe zangu kule Bashay, wamevuna? Nami nikajibu. Njema, bibi. Wazima, bibi. Wamevuna kidogo. Macho yangu yalikuwa kwenye gunia aliloliegemea, na bado nilingoja mkubwa amalize salamu. Ndivyo tulivyolelewa huku, na siku ile nililaani kila kiboko kilichonifundisha.

"La leo zuri," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota. "Linapasha mgongo. Toka asubuhi sijakohoa."

Nikamwambia, "Bibi, naliomba gunia." Akalikumbatia. Nikamwambia lina moto. Akacheka, akasema ndiyo, anajua, ndiyo maana halitoi. Basi nikamshika mkono nikamvuta kwa nguvu, mama wa mtu, nikamlaza pembeni akilalamika, nikalikokota gunia nje. Mshono ukaachia kizingitini. Upepo ukaingia, na lote likawaka mbele ya miguu yangu.

Bibi ana mtoto wa jicho. Alichokiona kutoka ndani ni mwanga tu na mimi nimesimama kando ya huo mwanga.

Jioni nilimweleza mwanawe kila kitu. Akanishukuru. Mama yake hakuelewa wala hakutaka kuelewa. Moto unaunguza, alisema, na lile halikumuunguza. Fundi amemnyang'anya akalichoma kwa choyo. Nikampelekea magunia mengine, niliyoyamwaga na kuyachekecha kwanza kwa mikono yangu. Akayagusa, akayasukuma.

Baridi imezidi na kikohozi kimerudi, kizito kuliko kile cha vumbi. Juzi mwanawe alikuja. Alikaa kwenye benchi langu. Anasema mama hali, halali, anaita lile gunia usiku kucha. Kisha akaniuliza, na hakuwa anatania, kama siwezi kumtengenezea lingine, niwashe kidogo tu.