Mume Wangu Ameacha Dawa Akidhani ni Salfa ya Mikorosho

Admin, nifichie jina, maana huku Newala tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka sitini na sita, mkulima wa korosho. Mume wangu alivuka mto Ruvuma mgongoni kwa mama yake wakikimbia vita ya Msumbiji. Sote wawili tunaishi na virusi vya UKIMWI, na miaka yote tumemeza dawa za kufubaza bila shida.

Mwaka jana tulipopima, nesi alisema virusi havionekani kwenye damu. Baba Zuhura akampelekea jogoo kumshukuru kwa kumponya, akarudisha na kopo la vidonge. Nesi alimweleza taratibu kwamba dawa haiui virusi vyote, inavizuia kuzaliana. Vingine vimelala mwilini, na dawa ikikoma vinaamka. Mzee alisikiliza kwa heshima zote. Jogoo akabaki, vidonge vikabaki kliniki.

Njiani akaniambia, "Mama Zuhura, salfa unapuliza mikorosho ikiwa na ubwiri. Ukiisha, unapuliza nini?"

Nikamkumbusha enzi za Ujamaa, tulipohamishiwa vijijini mikorosho ikabaki mahameni, ikasongwa na pori. Ubwiri, ule ukungu mweupe, ulijificha kule, na upepo ukauleta kwetu. "Na mwili una mahame yake," nikamwambia. Akaongeza mwendo.

Sasa shati linamcheza mwilini, na mdomoni ana utando mweupe kama ule wa maua ya mikorosho. Anakohoa akigeukia ukutani. Kliniki hataki, anasema atamtazamaje nesi aliyekula jogoo wake. Amenikataza kumwambia Zuhura, binti yetu. Nikisema kwa mtu yeyote, atavuka Ruvuma akafie kwao. Huyu mtu namjua, atavuka kweli.

Nikawaza kusaga nusu ya kidonge changu nimtilie kwenye uji. Nilimuuliza nesi kwa kuzunguka, nikisingizia jirani. Akasema nusu dozi inavifundisha virusi kuizoea dawa, mwishowe haitawasaidia tena wote wawili. Kisha akanitazama.

"Mama, huyo jirani anafuga kuku?"

Akasema yuko tayari kuja nyumbani, nimwite tu.

Ndugu zangu, uji wake unapoa hapa na kidonge changu kiko mkononi. Nikimwita nesi, mzee anaondoka. Nisipomwita, anaondoka pia, tena mbali zaidi. Nishaurini, nifanye nini?