Taa Mpya za Behewa la Daraja la Tatu

Siku hiyo mbele ya behewa tulikuwa wanne. Mie, mke mwenzangu, aliyeolewa na marehemu mume wetu baada yangu, mjukuu wetu wa kike ambaye ni fundi umeme, damu ya mke mwenzangu ila nimemlea mie, na mzee mtunzaji wa makumbusho, mkwe wa jirani yetu wa Temeke. Majina yote ninayo, sijasahau hata moja, ila humu siyatoi.

Mke mwenzangu ana mtoto wa jicho. Alitaka kitu kimoja tu: kuliona tena ndani lile behewa ambalo marehemu, alipokuwa gadi wa treni, alimleta nalo Dar akiwa bibi harusi. Kupanda hairuhusiwi, mbao zimechoka; unachungulia dirishani. Mara ya kwanza alipochungulia, taa za zamani za huko juu, nje ya behewa, zilipiga kwenye kioo, akaishia kuona kanga yake mwenyewe. Alirudi nyumbani amenuna, hata chai hakunywa.

Baadaye mjukuu wetu akapewa kazi ya kubadilisha taa. Kutoboa behewa la kale marufuku, hata tundu la msumari. Basi akalaza ukanda wa taa ndogo mle ndani, juu ya vichanja vya mizigo, akaufunga kwa utepe wa kitambaa. Taa akazielekeza darini, mwanga ushuke taratibu. Za nje akazizima.

"Bibi, sogea. Nawasha."

Mke mwenzangu akabandika paji la uso kwenye kioo. Mjukuu anauma kidole.

"Unaona nini?" nikamuuliza. "Kanga tena?"

"Hebu nyamaza, wewe mwanamke." Halafu sauti ikabadilika. "Mabenchi. Lile pale la dirishani ndilo alilonikalisha! Akaniambia, hapa utaona nchi yote."

Na mie nikachungulia. "Lipi? Lile? Mbona hata mie alinikalisha hapo hapo, na maneno yale yale!"

"Acha uongo!"

"Haki ya Mungu!"

"Yule mume wetu! Hata benchi hakubadilisha!"

Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Mtunzaji akasema taa zibaki hivyo hivyo, zisiguswe tena.

Njia nzima kurudi tulibishana. Mie nasema lilikuwa benchi la pili kutoka mlangoni, yeye anasema la tatu. Nyie mliosafiri na behewa lile, kama nimekosea nisahihisheni. Ila mje kwangu kwanza, msianze kwake.