Kaseti ya Kijapani kwenye Pikapu ya Baba

Baba alinunua pikapu yake Dar es Salaam, miaka ile magari ya mitumba kutoka Japani yalipoanza kuonekana kila mtaa wa Dodoma. Kabla ya hapo alikodi lori la watu kuleta mahindi na uwele kutoka Kondoa hadi kwenye banda lake la nafaka, Majengo. Pikapu ilikuwa nyeupe, ubavuni ina maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, na ndani ya redio yake mlikuwa na kaseti aliyoisahau mwenye gari wa kwanza.

Antena ilikuwa imekatika, redio inakoroma tu, kwa hiyo kaseti hiyo ndiyo iliyosikilizwa. Ilikuwa rock ya Kijapani. Wakati ule sikujua kuiita hivyo. Nilijua tu kwamba magitaa yalinguruma kama mashine ya kukoboa, kisha juu yake ikapanda sauti ya kijana, nyembamba kidogo, kama ya mtu aliyetoka kukimbia. Baba alisema ni kelele, lakini aliiacha icheze kwa sababu ilimzuia kusinzia barabarani. Nilikuwa kidato cha pili. Likizo moja nilifuatana naye Kondoa, kwenda na kurudi, na tulipofika nyumbani nilikuwa najua wimbo gani unafuata kabla haujaanza. Nikamwomba niichukue kaseti, akakubali.

Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja alikuwa binti wa Kigogo, baba yake mfanyakazi wa reli. Kwao nyumba nzima iliimba, kila mmoja na sauti yake, na yeye alikuwa na sikio ambalo sijaliona tena kwa mtu mwingine. Alikuja kwetu Jumamosi, akaketi chini karibu na redio yetu ya kaseti, akasikiliza wimbo wa kwanza hadi mwisho. Kisha akaomba daftari.

Tuligundua kwamba Kijapani kinaandikika kwa herufi zetu bila taabu, maana karibu kila silabi inaishia na irabu. Tulirudisha kanda nyuma mstari mmoja mmoja, yeye akisikiliza, mimi nikiandika. Katika wimbo wa tatu wa upande wa kwanza neno "nani" lilijirudia sana, tukaamua kijana yule anauliza nani kamchukulia mpenzi wake. Hadithi nzima tuliitunga juu ya neno hilo moja. Wenzetu shuleni walipenda muziki wa Kikongo na rap ya Wamarekani. Walitucheka, halafu wakaanza kuja kutusikiliza wakati wa mapumziko, na kufikia muhula uliofuata darasa zima liliimba kiitikio cha wimbo ule likifagia uwanja.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Pasaka ilipokaribia, kwaya ilitaka kujirekodi isikie makosa yake, na haikuwa na kaseti tupu. Baba akatoa ile. Nilipoiweka kwenye redio siku hiyo niliporudi kutoka shuleni, nilisikia akina mama wa kwaya. Upande wa kwanza wote ulikuwa umefutika.

Sikula. Baba alishangaa kweli. Hakuwa na nia mbaya.

"Lakini hata hamjui wanachosema," aliniambia. "Mngekuwa mnajua, ningewauliza kwanza."

Jumatatu nilimweleza rafiki yangu. Alinivuta nyuma ya maabara, akauimba upande wa kwanza wote kwa mpangilio wake, na sehemu za gitaa akazipiga kwa mdomo. Tulichelewa kipindi cha hisabati, tukapewa adhabu ya kufyeka majani. Nilifyeka nikiwa na furaha.

Miezi michache baadaye baba yake alihamishiwa Tabora. Daftari aliniachia mimi. Alisema yeye halihitaji.

Nilipokuwa kidato cha nne, mradi wa maji ulituchimbia kisima shuleni. Mhandisi wao alikuwa Mjapani wa miaka thelathini hivi, mtu mpole mwenye Kiswahili cha taratibu. Siku tatu nilimzunguka bila kuthubutu. Siku ya nne nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia nina wimbo wa kwao ningependa kujua maana yake. Nikauimba ule wa tatu.

Alivua glavu. Aliniomba nirudie, na nilipofika kwenye kiitikio aliimba pamoja nami, kwa sauti mbaya sana. Alinieleza kwamba bendi hiyo wanafunzi wa mji wao wote waliiiga. Yeye mwenyewe alifuga nywele kama mwimbaji, mpaka baba yake akazikata kwa nguvu.

"Nani, kwetu, si mtu," alisema. "Ni 'nini'. Anamuuliza mama yake: nirudi nyumbani nikafanye nini?"

"Hakuna mpenzi?"

"Hakuna. Ameenda mji mkubwa, mambo yamemshinda, anaona aibu kurudi."

Aliniandikia maneno yote kwenye karatasi, nami nikayanakili na kumpelekea rafiki yangu kwa posta. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Kuhusu maana hakusema mengi, ila kwamba sasa ataimba polepole zaidi. Aliandika kwamba ubeti wa pili umeruka mstari mmoja, na mstari wenyewe akauweka hapo chini.

Nilimpelekea mhandisi barua ile, nikiwa na aibu kidogo ya kumsahihisha mtu kwa lugha yake. Aliusoma mstari, akaitikia kwa kichwa polepole, akiutamka chini chini.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa nimeusahau."

Akaniomba abaki na karatasi. Nilimwambia ni barua yangu, siwezi kuitoa, basi akaunakili mstari ule nyuma ya ramani yake ya mabomba. Jioni hiyo nilimwandikia rafiki yangu kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Alijibu kwamba Tabora amepata wasichana watatu wa kuimba nao wimbo ule, ila wote wanataka sauti ya juu.