Mkono Shingoni: Kutoka Moshi Hadi Weston

Nilisafiri kwenda Toronto kwa sababu mtu alimkaba mdogo wangu shingo. Sikwenda kutembea, sikwenda kutafuta maisha wala kuangalia theluji, ingawa afisa aliyenihoji kuhusu viza aliniuliza hayo yote.

Editha anakaa Weston, kwenye ghorofa la zamani karibu na mto Humber, na kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani kwao. Jioni moja alishuka na kapu la nguo kwenye chumba cha mashine za kufulia, chini kabisa ya jengo, ambako kitasa cha mlango kilikuwa kibovu tangu alipohamia. Mwanamume asiyemfahamu aliingia nyuma yake, akamshika shingo, akambana kwenye mashine. Kilichomwokoa ni mlio wa lifti ikifunguka. Yule mtu alikimbia, na mpaka leo hajakamatwa.

Alinisimulia kwa simu, kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi. Msimamizi wa jengo alimshauri abadilishe saa ya kufua. Polisi aliyechukua maelezo yake alimuuliza kwa nini alishuka peke yake. Shangazi yetu wa Marangu, habari zilipomfikia, akasema ndiyo matatizo ya msichana kukaa ughaibuni bila mume. Mimi ni mwalimu wa michezo, na kila Jumamosi nafundisha wasichana judo kwenye ukumbi wa parokia, juu ya magodoro tuliyoyashonea turubai. Nawafundisha watoto wa watu kujinasua wakishikwa, na mdogo wangu mwenyewe hajui hata kushusha kidevu kifuani. Nilipokata simu nilipiga teke mlango wa kabati, ukang'oka.

Siku ya kuondoka, Mama alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege wa KIA. Alinipa mfuko wa dagaa niliokuwa na hakika kwamba utatupwa njiani, na neno moja.

"Konso, ukifika usimgombeze mtoto."

"Mama, mimi namfuata kumsaidia."

"Nakujua," akasema, akanishika mkono kwa muda mrefu kidogo.

Addis Ababa nilibadilisha ndege. Nilikaa kwenye kiti cha chuma nikipanga kichwani nitamfundisha Editha nini kwanza: kidevu, mikono, kugeuka, kukimbia. Halafu angani, saa zote zile juu ya bahari, sikupata usingizi. Kila nilipofumba macho nilikuwa namnyanyua mtu asiye na sura na kumbamiza chini. Mhudumu alikuja akaniuliza kama najisikia vibaya. Nilikuwa nimekunja ngumi zote mbili juu ya meza ya chakula.

Toronto niliikuta mwezi wa Machi, theluji imebaki kandokando ya barabara, nyeusi kama masizi. Treni ya kutoka uwanja wa ndege inasimama Weston, na Editha alikuwa ananisubiri kituoni, skafu imezungushwa shingoni hadi masikioni. Jua lilikuwa linawaka. Watu wengine wamefungua makoti. Alinikumbatia kwa ubavu, akaniweka upande wa mkono wake wa kulia, mbali na shingo.

Kwenye jengo lao tulisubiri lifti. Ilipofunguka, ndani kulikuwa na mzee mmoja ameshika mkate. Editha akasema tumngoje ashuke kwanza, ndipo tupande. Mzee alitupisha, akaenda zake, na bado Editha alisita. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Sikumkasirikia yeye, ila sijui kama yeye alilijua hilo.

Bafuni kwake, beseni la kuogea lilikuwa limejaa nguo zilizolowekwa.

"Unafua humu?"

"Maji ni yale yale, Dada."

"Kesho tunashuka wote kule chini."

"Dada, usianze. Hujavua hata viatu."

Jumapili, baada ya misa, nilisogeza meza ya sebuleni ukutani. Nikamwambia asimame katikati ya zulia. "Mimi ni yeye," nikasema. "Nakushika hivi." Kidole changu kiligusa tu ukingo wa skafu, naye akanipiga mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Usiniguse hapo!"

"Nisipokugusa utajifunzaje?"

"Nani amekuomba unifundishe? Umekuja na hasira zako, na mimi ninazo zangu. Nyumba hii haizitoshi zote mbili."

Alijifungia chumbani. Mimi nilibaki sebuleni na meza yangu ukutani, nikimkasirikia yule mtu wa chumba cha chini, msimamizi, polisi, Shangazi, na zulia lenyewe.

Editha ndiye aliyeleta wazo la Etobicoke. Mwanamke mmoja wa Bujumbura, mwenzake wa kazini, alimwambia kuna mwalimu wa judo, Mkongo kutoka Bukavu, anayefundisha kujilinda na kuwapokea wanawake. "Nitaenda," Editha akasema, "ila yeye ndiye mwalimu. Wewe utakaa benchi." Nilikubali. Nilikubali kwa mdomo.

Jumamosi asubuhi tulipanda basi, tukavuka Humber. Ukumbi wenyewe ulikuwa nyuma ya gereji ya matairi: mkeka wa bluu, kioo kipana upande wa barabara, harufu ya jasho na dawa ya sakafu. Mwalimu Bahati alikuwa mtu mfupi, mpana, nywele zimeanza mvi. Alitupokea kwa mikono miwili.

"Karibu, karibu. Hapa hakuna kuogopa. Mutu akigonga, tunaachia. Iko sheria ya kwanza."

Alimfundisha Editha kuanguka. Alimfundisha kusimama miguu ikiwa imeachana, kushusha kidevu, kuukamata mkono wa adui kwa mikono yote miwili na kugeukia upande wa kiwiko. Hakumgusa shingo hata mara moja. Alijishika mwenyewe kuonyesha. Nilipenda alivyofundisha na nilikasirika kwamba nimependa, kwa maana alifanya taratibu kile nilichokifanya mimi kwa papara.

Kisha akawagawa wawili wawili. Wanawake siku ile hawakutimia, kwa hiyo Editha akapangwa na mwanafunzi wa Bahati wa siku nyingi, kijana wa Nairobi, mtu wa kompyuta, waliyemwita Deno. Mrefu, mchangamfu, mwenye kupenda kutazamwa. Bahati alipogeuka kumsaidia mwingine, Deno alimzunguka Editha kwa nyuma akapitisha mkono shingoni.

Editha alisahau kila alichofundishwa. Aligonga mkono wa Deno, ile ishara ya kusema imetosha. Deno hakuachia. Akagonga tena, akagonga paja lake mwenyewe, akagonga hewa. Niliona macho yake, na sitayaeleza hapa. Nilipofika mkekani na soksi zangu, Deno alikuwa ameshamwachia, anacheka kidogo.

"Nilimshikilia kidogo tu, azoee," akasema. "Manze, hii ni sparing, kupigana kwa mazoezi. Huko nje mtu hatakuachilia ati umemgongagonga."

"Njoo na mimi, basi."

"Wewe, madam?"

"Dada, apana," Bahati akasema kutoka upande wa pili. "Tulia kwanza."

Nilikuwa nimeshachukua vazi la judo kwenye msumari, nimeshafunga mkanda. Deno alinyoosha mkono kunishika kola, anatabasamu kwa ajili ya wenzake. Nilimwachia ashike. Nikaingia chini yake, nikampakia nyongani, nikampitisha kwa juu. Alitua kwa mgongo, pumzi ikamtoka yote, nami nikashuka naye, nikaikamata kola yake kwa mikono miwili na kukaza.

Aligonga.

Nilisikia vizuri. Aligonga begani mwangu, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa haraka. Sikuachia. Uso wake haukuwa wake tena, ulikuwa wa yule asiye na sura wa kwenye ndege, na nilitaka auone mkono wangu ulivyo mzito. Akagonga mkeka kwa kiganja kizima.

"Konsolata! Mwachie!"

Tangu anajua kuongea, Editha hajawahi kuniita jina langu. Ni Dada, siku zote. Sauti ile ilitoka tumboni, ikajaza ukumbi mpaka watu wa gereji wakachungulia kwenye kioo. Mikono yangu ilifunguka yenyewe.

Deno alikaa akikohoa. Bahati alisimama katikati yetu, akatunyooshea kidole mimi na Deno, na hakupaza sauti.

"Nyinyi bote babili, mutoke."

"Mimi nimekosa nini?" Deno akauliza. "Ni huyu amenikaba!"

Editha ndiye aliyemjibu. Skafu ilikuwa imeanguka, na hakuiokota. "Unasema huko nje hakuna atakayeniachia. Huko nje nimeshafika, kaka yangu. Hapa nimekuja kujifunza, sikuja kurudishwa kule." Halafu akanigeukia na mimi, akanitazama vile vile alivyomtazama Deno.

"Chukua koti, twende," nikamwambia.

"Mimi sijafukuzwa," akasema.

Nje kulikuwa na baridi yenye upepo. Kituo cha basi ni kimoja, kwa hiyo mimi na Deno tulisimama pamoja, yeye mwisho wa benchi huku, mimi mwisho kule. Alikuwa anajipapasa shingo. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Baada ya basi moja kupita ambalo halikuwa letu, akasema, "Ningejua yaliyompata, singemshika vile."

"Ulihitaji kujua nini? Aligonga."

Akatazama barabara, kisha akanitazama mimi.

"Na mimi niligonga."

Nilitaka kumwambia kwamba yeye alikuwa anacheza na mimi nilikuwa na sababu, lakini nilikuwa nimeona macho yake pia pale chini, na yalikuwa macho ya mtu anayeomba. Basi lake lilikuja. Alipanda bila kuniaga, nami sikumwomba radhi. Nilipaswa. Nilikuwa bado nimekasirika mno.

Nilirudi hadi kwenye kioo cha ukumbi. Ndani, Editha alikuwa anaongea na Bahati, anahesabu mambo kwa vidole, na Bahati anaitikia kwa kichwa. Baadaye nilielezwa alichokuwa anasema: nitafanya na mwanamke, nitamwambia mwenyewe lini anishike, na nikigonga, hata kama ni mzaha, mikono yote ishuke. Kisha mwanamke mmoja mnene, mwenye umri wa mama yetu, akasimama nyuma yake. Editha akavuta pumzi. Akasema neno la kuruhusu. Yule mama akampitishia mkono shingoni, taratibu kama anamfunga kitenge. Editha akagonga mara moja, mkono ukashuka. Wakarudia. Mara nyingine tena, na hapo akashusha kidevu, akakamata, akageuka. Nilikuwa upande wa nje wa kioo, miguu imekufa ganzi, na machozi ya hasira yananiganda mashavuni. Nilikuwa nimevuka bahari kumfundisha jambo hilo, na alilijifunza nikiwa nimetolewa nje.

Weston, juma lililofuata, Editha aligonga milango ya jirani zake. Akapata wanawake wa kutosha kujaza ofisi ya msimamizi: Wakongo, mama mmoja Mkenya nesi, wengine wa lugha nisizozijua. Kila mmoja alikuwa na kisa chake cha chumba kile cha chini. Aliniruhusu niende kwa sharti nisifungue mdomo. Msimamizi alisema atalishughulikia. Editha akamwambia kwa Kiingereza, polepole ili nami nielewe, kwamba watakaa pale mpaka ampigie fundi simu mbele yao. Nilisimama mlangoni nimeuma ulimi. Msimamizi alinitazama mara mbili, nadhani sura yangu ilisema mengi, lakini hakupiga simu kwa sababu yangu. Alipiga kwa sababu hakuna mwanamke aliyeondoka.

Kitasa kipya kiliwekwa kabla sijaondoka. Taa ya korido bado, na kamera waliyoahidi sijui kama itakuja. Editha hashuki peke yake; hushuka na jirani, wanaketi kwenye viti vya plastiki mpaka nguo zikauke. Hajapona. Simu zake nyingine bado ni za kulia.

Siku ya kurudi alinisindikiza kituoni. Nilimwambia nisamehe. Akaniuliza, "Kwa lipi?" Nikasema kwa sebuleni, na kwa kule ukumbini.

"Ya sebuleni nimesamehe," akasema. "Ile nyingine si ya kwangu kusamehe."

Aliniandikia namba ya Deno, aliyoipata kwa Bahati. Nilimpigia nikiwa uwanja wa ndege. Alisikiliza, akasema sawa, akakata. Sikustahili zaidi.

Moshi nimerudi na hasira yangu nzima. Sijaiacha kokote, wala sitaki kuiacha: mtu yule bado anatembea, na polisi bado wanawauliza wanawake kwa nini walikuwa peke yao. Ila nimejifunza kwamba hasira haitambui shingo ya nani iko mkononi. Kutambua ni kazi ya mtu mwenyewe, na ni kazi inayohitaji mazoezi kama kuanguka.

Jumamosi ya kwanza parokiani niliwaambia wasichana leo hatuangushani. Mmoja anashika, mwenzake anagonga, aliyeshika anaachia. Walinung'unika kwamba ni mchezo wa watoto. Tulifanya hivyo hivyo asubuhi nzima. Aliyechelewa kuachia, hata kwa kicheko tu, nilimtoa akakae ukutani, nje ya mkeka. Nami nikaenda kukaa naye.