Mama Wiyanti na rejeta za mchanga wa Bromo

Kunapambazuka, na umande umeganda mweupe juu ya majani ya viazi. Mama Wiyanti amechuchumaa jikoni kando ya moto, saruni mabegani, ameinua rejeta ya pikipiki ya mteja kuelekea dirishani. Anafumba jicho moja na kuchungulia katikati ya vibati vyake vyembamba.

"Bado," anasema. "Nikiuona moshi wa mlima, imepona."

Huku ukingoni mwa mchanga wa Bromo, mlima wa volkano, mgeni hukaribishwa jikoni, na pikipiki mbovu nayo ni mgeni. Mchanga wa mlima huu ni laini kama unga. Ukikutana na ukungu hugeuka udongo wa kukandikia, ukaziba rejeta, upepo usipite, injini ikachemka katikati ya uwanda. Hapo hata asiyesali husali.

Jina lake la kuzaliwa ni Kasiati, na ana miaka hamsini na mmoja. Aliacha kulima vitunguu alipofiwa na mumewe, aliyemwachia vyombo vya kulehemu. Rejeta moja humpa kama rupia elfu themanini, mchele wa siku chache.

Husugua kwa brashi laini na kumwaga maji kutokea upande wa injini, ili uchafu utoke kwa njia uliyoingilia. Wenye haraka humletea rejeta walizozipiga kwa mpira wa maji wa nguvu, vibati vimelala kama nywele za mlevi. Huvinyoosha kimoja kimoja kwa kijiti cha mwanzi, huku akiwatania wenyewe. Ndani hutia maji ya mvua na dawa ya rejeta, kwani maji ya kisima huacha magaga meupe, yaleyale ya kwenye birika.

Lakini iko rejeta moja inayomuuma moyoni mpaka leo.

Asubuhi za baridi, watu wa huku hufunika mbele ya pikipiki kwa saruni ili injini ipate joto upesi, kisha huifungua mteremko unapoishia, kabla ya mchanga. Mwaka jana, siku ya mashindano ya kuvuka mchanga, Mama aliifunga mwenyewe pikipiki ya bintiye Wiyanti. Aliikaza saruni kwa mafundo mawili, kama alivyokuwa akimfunga mwanawe mgongoni. Alidhani binti ataifungua. Binti alidhani mama ameshaifungua. Ukungu ulikuwa mzito, na hakuna aliyeona.

Wiyanti alikuwa anaongoza injini ilipochemka, ikakwama. Aliisukuma mpaka nyumbani, majirani wakimtazama.

"Mama, umenipenda mpaka umeniunguza," alisema mlangoni.

Akateremka mjini Probolinggo, akapata kazi ya kufungasha samaki. Alikuwa akipiga simu kuuliza hali, na akishajibiwa anakata.

Mama alilia sana. Kisha akaanza kuifufua ile pikipiki, kifaa kimoja baada ya kingine, mwaka mzima, bila kumwambia bintiye. Jirani yake, Mzee Ngatemun, alipomwuliza anamtengenezea nani, alimjibu kwamba hata mwenye hasira huchoka kutembea kwa miguu.

Jana Wiyanti alirudi. Mashindano ni Jumapili. Alikula viazi, akaota moto, akalala bila kuyataja mashindano wala pikipiki. Asubuhi hii pikipiki imesimama uani bila kifuniko, barafu nyembamba imetanda kitini, na Mama amesimama mlangoni, hathubutu kuigusa.

Binti anatoka. Anaizunguka polepole, anapapasa rejeta. Kisha anavua saruni yake mwenyewe, anaifunga mbele ya pikipiki kwa fundo moja.

"Jumapili nisubiri mteremko unapoishia," anasema bila kugeuka. "Uifungue wewe, Mama."

Mama Wiyanti anarudi jikoni upesi na kusingizia moshi wa kuni. Atateremka mapema kuliko waendeshaji wote, anasema, na chai yake kwenye chupa.

"Akishinda, akishindwa, hayo ni yake," anasema akijifuta macho. "Mimi nataka tu asimame mbele yangu, nimfungulie."